Maji ya Zamu ya Mama Namsifu

Kazi yangu ilikuwa kuziba tundu na kulizibua. Msicheke, nyie watoto. Nimelea familia kwa tundu hilo, nimeezeka bati kwa tundu hilo, na mpaka leo nikishuka sokoni Same kuna wazee wananiita Bwana Tundu, nami naitika bila kinyongo.

Tundu lenyewe lilikuwa la ndiva. Nyie mliozaliwa juzi mnajua bomba tu. Ukizungusha koki maji yakagoma, unailaumu serikali, unarudi kulala. Sisi huku juu maji tuliyalaza. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe, walilichimba mababu chini ya chemchemi, na kazi yake ni kupokea maji watu wakiwa wamelala, ili yapatikane ya kutosha kukimbia mferejini mpaka mashambani. Chemchemi peke yake ni kama mkojo wa mbuzi, haifiki popote. Ikilala ndani ya ndiva, inaamka mto. Chini ukutani ndipo penye tundu. Unaliziba kwa gogo lililozungushiwa magome ya mgomba, halafu unakandika udongo wa mfinyanzi kwa kisigino. Anayeziba vibaya huamka akakuta bwawa tupu na watu wenye majembe wanamsubiri. Mimi niliianza kazi hiyo kabla ya Uhuru nikiwa kijana, nikaendelea nayo mpaka vijiji vya ujamaa vikaja na kupita, na asubuhi ya namna hiyo ilinikuta mara moja tu. Hiyo siwasimulii.

Aliyenifundisha ni baba yangu mdogo, Sefania, mtu mfupi mwenye sauti ya kushtua ng'ombe. Hakuwahi kunisifu. Alinifundisha kuzunguka ukuta wa ndiva kila siku nikitafuta matundu ya kaa, maana tundu la kaa ambalo leo halipitishi kidole, kesho kutwa linapitisha mbuzi. Alinifundisha kuzibua nikiwa ubavuni. "Usisimame mbele ya maji," alisema, "hayana adabu, hayajui wewe mtoto wa nani." Mimi kijana wa wakati huo niliona anajizeesha. Siku moja nikazibua nimesimama mbele, miguu nimeipanua kama askari. Gogo lilitoka na mimi nikatoka nalo. Nilizolewa mpaka kwenye magimbi ya jirani, na kaptula yangu ilishuka na mfereji peke yake mpaka mashamba ya chini, ikapokewa na wanawake waliokuwa wanapalilia. Walinirudishia ikiwa imefuliwa. Tangu hapo nazibua nikiwa ubavuni.

Lakini somo kubwa la Baba Mdogo lilikuwa pembe. Tulikuwa na pembe ya tandala, ndefu, imening'inia kwenye kibanda pale ndiva. Mlio mmoja mrefu ulisema maji yamefunguliwa. Mwenye zamu siku hiyo, akiona maji yanaingia shambani kwake, lazima apaze sauti: "Yamefika!" Aliye karibu naye huidaka na kuirusha juu, shamba kwa shamba, mpaka inifikie mimi. Kabla sijaisikia siruhusiwi kukaa kitako. Baba Mdogo alisema maji yasiyoitikiwa ni maji yaliyopotea au ni mtu aliyepatwa na jambo, na yote mawili ni kazi ya mgawa maji kwenda kutazama.

Kulikuwa na mlio mwingine wa mara moja kwa mwaka, milio mitatu mifupi. Huo ulipigwa siku ya kusafisha ndiva, kwa sababu siku hiyo tulifungua mlango wa pembeni ili tope lote limwagike kwenye Korongo la Nyani. Korongo lile linaanza nyuma ya ndiva na kuteremka hadi tambarare, kuta mbili za jabali na sakafu ya mawe, kavu karibu mwaka mzima. Watoto wa huku walichunga mbuzi humo. Kabla mtoto hajajua a-e-i-o-u alishajua hili: ukisikia mitatu mifupi, panda juu ya mwamba. Mbuzi mwache, wewe panda.

Sasa nije kwa Mama Namsifu.

Huyu alikuwa mjane, mwembamba, mweusi wa kung'aa, na ulimi wake ukikupitia unajipapasa kama masikio bado yapo. Alikuwa na kesi na jirani yake Elinami ya mpaka wa mfereji. Nyie mnajua wanavyotutania watani wetu, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Kwa wale wawili haukuwa utani. Kesi ilianza wakati wa mkoloni, bendera ikabadilika, wao wakaendelea. Balozi wa nyumba kumi alisuluhisha akachoka. Mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa aliwaambia sasa ni undugu, ardhi ni ya wote, na Mama Namsifu akamjibu, "Sawa, mwenyekiti. Basi mwambie ndugu yangu asogeze jembe lake." Mpini wa jembe lake uliwahi kumfikia Elinami mgongoni, nao wakaufungulia kesi ya pili.

Mwaka ninaousimulia, vuli ilikuwa ya kutania tu. Kiangazi kikaingia kikali kabla ya wakati wake, chemchemi ikapungua, ndiva ikawa inahitaji siku mbili kujaa. Zamu zikarefuka. Mtu akikosa yake, mpaka nyingine izunguke maharage yamekuwa kuni. Mama Namsifu alikuwa amepanda maharage na yalikuwa yametoa maua. Ua la maharage likikosa maji halisubiri, linadondoka. Shamba lile ndilo lililowalisha yeye na wajukuu wake wanne, yatima wa binti yake, hana mwingine wa kumpa hata kikombe.

Siku ya zamu yake ndiva ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Nilipanga kufungua jua likishainama, kwa sababu wakati wa joto kama ule maji ya adhuhuri huyaunguza maharage badala ya kuyanywesha. Mchana jua likiwa utosini namwona Mama Namsifu huyo anapanda na jembe begani. Akakaa kwenye kivuli cha kibanda changu, miguu kainyoosha.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Bado mapema."

"Marahaba. Najua ni mapema. Nimekuja kulinda maji yangu."

"Mlinzi si ndiye mimi?"

"Ndiyo maana nimekuja," akasema, akatoa ugoro wake.

Haya, nifanyeje? Nikamwacha. Mlinzi nalindwa! Tukakaa hivyo, yeye anayatazama maji, mimi namtazama yeye.

Ndipo akatokea mwanamke kutoka nyuma ya ukuta, upande wa korongo, upande ambao mtu hatokei. Mtoto mchanga mgongoni, miguu imechanika, midomo imekauka mpaka imepasuka, na mkononi kashika sufuria nyeusi ya masizi. Hakututazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye maji, akapiga magoti, akainua ile sufuria achote.

"Weee! Acha!" Mama Namsifu karuka kama ana miaka ishirini.

Msimlaumu. Chombo chenye masizi hakigusi ndiva. Huo ulikuwa mwiko mkubwa kwetu, walisema chemchemi inakasirika na kuhama, na mwenye kosa anatoa mbuzi. Yule mwanamke akashtuka, sufuria ikamponyoka ikabiringika. Na mnajua alifanya nini? Alimtazama Mama Namsifu, akajikusanya, akasema kwa sauti isiyo na mate, "Shikamoo mama."

Mama Namsifu alisimama akaduwaa. "Marahaba," akasema. Kisha akaenda kibandani akachukua kata yangu, akachota, akamshika yule mwanamke kisogo kama anamnywesha ndama. "Kidogo kidogo. Kidogo, nimesema! Unataka kutapika?" Akammwagia kichwani. Akafungua mbeleko, akamlowesha mtoto, mtoto akalia. "Huyu mzima," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Kwa pumzi za kukatika akatueleza. Jina lake Nyamizi, Mnyamwezi wa Tabora, kazaliwa kwenye kambi za mkonge huku chini. Mumewe ni Yohana. Nikamkumbuka Yohana mara moja, mtoto wa Bi Nakiete pale ng'ambo, aliyeondoka kwenda kukata mkonge bado ndevu hazijaota. Miaka ile redio ilihimiza kilimo kila jioni, na Yohana akaamua kurudi nyumbani moja kwa moja na familia yake. Walishuka Same wakakuta lori la kupanda huku limeharibika, dereva yuko chini yake, anawaambia njooni kesho. Yohana akatazama mlima. "Tulale Same kwa nini, na nyumbani napaona?" Wakanywa chai kwanza, jua likiwa limeshatoka, wakaingia Korongo la Nyani. Aliwaahidi watakula chakula cha mchana kwa bibi.

Vijana, mlima unaouona si mlima ulioufikia. Shikeni hilo hata msiposhika jingine. Yohana aliijua ile njia, lakini aliijua akiwa mchunga mbuzi, wakati wa baridi, ambapo mashimo ya jabali yana maji masafi ya kunywa. Aliwaambia wasijitwike maji mengi, njiani yapo. Kiangazi mashimo yale yana mavi ya nyani tu. Badala ya maji alibeba redio. Na zawadi ya mama yake ilikuwa papa wa chumvi. Watoto walipoona njaa aliwakatia vipande vya papa! Kuta zile mbili zikishapata jua zinaoka kama tanuri, upepo haupiti, na tumboni una papa wa chumvi. Nimesema alikuwa mtoto wa huku, sikusema alikuwa na akili.

"Amebaki na watoto wawili wakubwa," Nyamizi akasema. "Kwenye mawe mapana, penye mkuyu. Aliteleza na Petro mabegani, goti likageuka, hawezi kupanda. Akaniambia fuata korongo mpaka uone ukuta, nyuma ya ukuta kuna maji."

"Watoto wanalia?" nikamuuliza.

"Rehema analia. Petro ameacha. Ametulia."

Hapo nikasimama wima. Mtoto anayelia bado ana maji mwilini. Aliyetulia ndiye wa kukimbilia. Baba Mdogo alinifundisha hivyo kwa ndama, na kwa watoto ni hivyohivyo.

Nikapiga ukelele, vijana watatu waliokuwa wanakata majani wakaja, nikawapa vibuyu nikawatuma waende kwa njia ya ukingoni. Lakini nikaipima ile njia moyoni. Inazunguka matuta, ina miiba, na mtu mwenye kibuyu harukiruki. Mpaka wafike, jua litakuwa limeinama. Petro hakuwa na muda huo. Nikageuka, nikatazama ndiva imejaa hadi mdomoni. Maji yanajua kuteremka kuliko mtu yeyote. Mlango wa pembeni ukifunguliwa yatakuwa kwenye mawe mapana kabla vijana hawajamaliza tuta la kwanza. Yakipita hapo yanakuta mchanga, mchanga unayameza.

Sasa, sikieni jinsi sheria ilivyokuwa. Maji ya zamu ni ya mwenye zamu. Mimi nashika tundu tu. Mwenyekiti hana mamlaka nayo, wazee hawana, mchungaji hana. Maji yale tangu jua lichomoze yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anamfunga mtoto wa watu mbeleko. Nikatafuta maneno, nikaanza, "Mama, unaona..."

"Sina upofu," akasema.

"Yatakwisha yote. Kidogo hakifiki, mawe yatayanywa."

"Najua."

"Na zamu haitarudi mpaka wote..."

"Wewe Bwana Tundu!" Akanyanyuka. Macho yalikuwa yamejaa machozi na alikuwa amekasirika kwa kuwa nayo. "Unataka nikuandikie barua? Fungua!"

Nikauendea mlango. Nikasita tena, na safari hii si kwa sababu ya maharage. Maji ya kutosha kufika kule ndiyo hayohayo ya kutosha kumzoa mtoto. Nimewaambia kaptula yangu ilisafiri kwa maji ya mferejini tu. Haya yalikuwa ndiva nzima, ndani ya korongo la mawe. Kama Yohana na watoto walikuwa wamelala sakafuni, ndio tungekuwa tumewaua kwa mikono yetu.

"Nyamizi," nikamuuliza, "mumeo amewahi kukusimulia habari za pembe?"

"Pembe gani?"

"Pembe ya ndiva. Milio mitatu."

Akatikisa kichwa. "Hajawahi."

"Unadhani anaikumbuka?"

"Baba," akasema Nyamizi, na akaanza kulia, "mume wangu hakumbuki hata alipoweka kofia, na kofia iko kichwani."

Nikaitungua pembe. Mlio wa kwanza ukatoka kama mbuzi mgonjwa. Nikajirudi, nikavuta pumzi, nikapiga mitatu mifupi kuelekea korongoni. Nikasubiri. Nikapiga tena mitatu. Mashambani watu wakasimama na majembe yao, wanashangaa, leo si siku ya kusafisha ndiva. Nikapiga mara ya tatu, na humo nikaweka kila kitu nilichokuwa nacho. Tukasikiliza. Korongo kimya. Hata nyani walinyamaza.

Niwape mtu wa goti bovu na watoto wake muda wa kupanda mwamba? Niwape kiasi gani? Nikiwapa mwingi, Petro anakwisha. Nikiwapa mdogo, nawazoa. Hakuna aliyenifundisha hilo. Mama Namsifu alikuwa kamshika Nyamizi mkono.

"Sasa," akasema baadaye.

Nikaung'oa mlango wa pembeni. Nilisimama ubavuni. Maji yalitoka na ngurumo, yakapiga ukuta wa ng'ambo, yakageuka, yakapotea chini kwenye kona ya kwanza ya korongo. Tope, majani, kaa wangu wote, vyote vikaenda. Ndiva ikawa inashuka tunaiona, mstari wa maji ukutani unateremka kama mtu anakunja mkeka. Kisha ikabaki tope na chura mmoja anatushangaa.

Baada ya hapo ni kusubiri. Sikukaa kitako. Nilisimama ukingoni na mkono sikioni. Nyamizi alikuwa anataja majina ya watoto wake chinichini, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Nikawa najiambia, maji yasiyoitikiwa ni maji yaliyopotea, au ni mtu.

Halafu, mbali sana, kijana mmoja kati ya wale wa vibuyu akapiga kelele kutoka kwenye tuta. Hatukulisikia neno. Akarudia. La pili likadakwa na mwenzake aliye karibu nasi zaidi, akalirusha juu kwa nguvu zake zote:

"Yamefikaaa!"

Nikasema, "Nani anasema?"

"Mtoto wa kike!" akajibu kwa ukelele. "Anaita kutoka chini! Wote wako juu ya mwamba! Wote!"

Nilikaa kitako palepale kwenye tope. Mama Namsifu akapiga kigelegele kimoja kikali, akakikata katikati kama mtu aliyekumbuka ana heshima zake. Nyamizi aliangua kilio cha kicheko, na mtoto mgongoni naye akalia, na mimi siwafichi, nililia pia. Moyo wangu ulitua kama mzigo wa kuni.

Jioni tuliwapandisha kwa machela ya mablanketi. Petro alikuwa amefungua macho na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba anataka maji lakini hataki papa. Yohana mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alikuwa amelala na watoto chini kabisa, sakafuni mwa korongo, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli cha mkuyu. Palepale pa kupita maji. Aliposikia pembe ya kwanza alidhani anakufa na marehemu baba yake anawaita mbuzi warudi. Ya pili, akasema, mwili uliamka kabla ya kichwa. Alijikuta anamsukuma Rehema juu ya mwamba na kumvuta Petro kwa shati, goti linapiga kelele, na bado hajui anakimbia nini.

"Baba, kuna nini?" Rehema akamuuliza.

"Maji yanakuja."

Yule mtoto alitazama jua lile, na mawe yale, akaamini baba yake amechanganyikiwa. Akaanza kulia kwa ajili hiyo. Halafu akasikia ngurumo. Yalipopita yakaacha mashimo yote ya jabali yamejaa, wakanywa na tope lake, wakajimwagia, na Petro akakohoa na kulia. Ndipo Yohana, sauti hana, akamwambia binti, "Piga kelele useme yamefika. Huko juu kuna mtu hawezi kukaa mpaka asikie."

Redio haikusalimika, ilikwenda na maji. Yohana alipoanza kuihuzunikia mkewe alimtazama mara moja tu, akaacha.

Nyie mnapanda huku kwa bodaboda, mnafika mkiwa na vumbi tu kwenye nyusi. Vizuri, sina wivu. Ila mkiamua kutembea kiangazi, anzeni gizani, bebeni maji mpaka mjione wajinga, chumvi iacheni nyumbani, na kisima cha mtu aliyepita wakati wa baridi msikitie kwenye hesabu zenu.

Usiku ule watu walipika makande kwa Bi Nakiete, wakala na kucheka. Mama Namsifu hakuja. Kesho yake nilimwona shambani kwake, amesimama katikati ya maharage, majani yamelegea, maua yameanza kudondoka. Hakuwa analima. Nilimsalimia kwa mbali na yeye akanitikisia mkono niende zangu. Nilitamani kumwahidi kitu, lakini mgawa maji hana maji ya kuahidi. Nikarudi kuziba tundu. Nililiziba kwa kisigino kama sijawahi kuziba maishani, nikafukia kila tundu la kaa, nikachunga kila tone.

Ndiva ilipojaa tena, zamu ilikuwa ya Elinami. Ndiyo, huyohuyo wa kesi. Jua lilipoinama nikasimama ubavuni, nikazibua, nikapiga mlio mmoja mrefu, nikaelekeza sikio mkono wa kushoto wa mfereji, kwenye mahindi ya Elinami, nisubiri aitikie kwa ile sauti yake ya puani.

Kimya. Nikasubiri. Maji yalishakwenda ya kutosha, Elinami haitiki. Nikaanza kupata wasiwasi, nikashika jembe niende nikatazame amepatwa na nini.

Ndipo ikaja sauti, lakini si ya kushoto. Ilitoka mkono wa kulia, kwenye maharage, kali, ya mwanamke, inatetemeka kwa hasira au kwa kilio, sijui, na nadhani kijiji kizima kiliisikia bila haja ya mtu kuidaka:

"Yamefika! Na wewe Elinami, kesi iko palepale!"